Kompyuta 14 na daftari la mlinzi

Jumanne tarehe 2 Aprili 2024, saa mbili kasoro robo asubuhi, nilifungua mlango wa maabara ya kompyuta ya chuo ninachofundisha hapa Mtwara, nikakuta kimya. Kompyuta 14 zikiwa kazini feni zake huvuma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, na mimi nilikuwa nimeziacha zikivuma jioni ya Ijumaa Kuu. Mwaka ule Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Chuo kilifungwa siku nne, wanafunzi wakaondoka, nikaona hapo ndipo pa kuzipa mashine kazi ndefu ya kuigiza hali ya hewa bila mtu wa kuzigombania. Nikapanda basi kwenda Lindi kufuturu na bibi yangu.

Nikawasha ya kwanza. Kazi yake haikuwepo. Ya pili vivyo hivyo. Nilipofika ya tano nikaacha, nikavuta kiti nikakaa.

Nikatoka nje kumtafuta mlinzi. Ni mtu mzima, rika la marehemu baba yangu, na tangu nianze kukesha maabara tumezoeana. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza kama umeme ulikatika sikukuu. Hakukisia. Alifungua daftari la matukio la lindo, akashusha kidole kwenye ukurasa, akanisomea: "Jumamosi, umekatika saa nne na dakika tano asubuhi. Umerudi saa saba kasoro robo. Kwani kuna kitu kimeungua, mwalimu?"

Hakuna kilichoungua. Kazi ilianza Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na kila kompyuta ilihitaji saa 18 kumaliza. Umeme ulipokatika zilikuwa zimekwenda saa 16. Zote 14 zilikuwa zimebakiza saa mbili.

Kufika mchana nilijua kwamba kosa ni langu, halikuwa la umeme. Programu ninayotumia kuigiza hali ya hewa, WRF, ina mstari kwenye faili la maelekezo unaoiambia iandike faili la akiba kila baada ya dakika ngapi, ili ikizimika iweze kuendelea ilipoishia. Dakika hizo ni za hali ya hewa inayoigizwa, si za saa ya ukutani. Namba iliyokuwemo, iliyokuja na programu yenyewe, ni 7200. Mimi nilikuwa naigiza siku tatu, na siku tatu ni dakika 4320. Maana yake kazi ingeisha kabla ya faili la kwanza la akiba kuandikwa. Mstari ule nilikuwa nimeupita kwa macho mara nyingi. Niliuacha kwa heshima, nikiamini walioandika programu wanajua zaidi yangu, na kweli wanajua, ila hawakuwa wameiandika kwa ajili ya jengo ninalofanyia kazi mimi.

Nalisimulia hili kwa sababu kila mwaka wanakuja vijana wawili watatu wanaotaka kusoma shahada ya uzamili katika mambo haya ya kompyuta nyingi kugawana kazi moja ya kisayansi, na karibu wote huanza na swali lile lile: nitapata wapi kompyuta kubwa? Swali hilo mimi lilinilia karibu mwaka mzima. Nilipokubaliwa na chuo kikuu Dar es Salaam, nikiendelea kufundisha huku, niliamini kwamba anayesomea Mtwara ameshaachwa na anachoweza ni kusubiri nafasi kwenye mashine za watu.

Hamu yenyewe ilitokana na Kimbunga Kenneth. Tarehe 25 Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari, watoto hawakwenda shule, na wakazi wa kando ya bahari waliambiwa wahame. Tulifunga madirisha tukasubiri. Jioni kimbunga kikaingia nchi kavu upande wa pili wa mto Ruvuma, Cabo Delgado, kikawaua na kuwabomolea wenzetu wa Msumbiji. Kwetu hakikufika. Siku chache baadaye nikasikia watu sokoni wakisema tahadhari ile ilikuwa ya bure, tumetishwa tu. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu nimelelewa na mtu aliyekuwepo Lindi tarehe 15 Aprili 1952, kimbunga kilipoupiga mji ule. Bibi alikuwa mtoto. Anachokumbuka zaidi ni asubuhi yake: minazi imelala yote kichwa upande mmoja, na mama yake anahesabu watoto, anamaliza, anaanza tena kuwahesabu.

Kwa hiyo swali langu la utafiti lilikuwa hili. Kama hewa na bahari vingekuwa tofauti kidogo tu siku tatu kabla, Kenneth angeweza kuvuka mto na kuja kwetu? Huwezi kulijibu kwa kuigiza mara moja. Unaigiza mara 40, kila mara unabadili mwanzo kidogo sana, halafu unatazama njia zote kwa pamoja. Data za kuanzia zinapatikana bure: ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia nzima iliyotengenezwa na kituo cha Ulaya cha utabiri, saa kwa saa, kwa miraba ya kilomita 31 hivi. Kinachobaki ni hesabu, na hesabu ni nyingi.

Nikaanza kwa njia ambayo karibu kila mwanafunzi huanza nayo. Nilichukua kompyuta nane, nikaziunganisha kwa switchi (kifaa cha kupitishia data kati ya kompyuta) ya zamani, ya megabiti 100 kwa sekunde, nikaligawa eneo la bahari na pwani vipande vinane, kila moja kipande chake. Kompyuta moja peke yake ilitumia saa 18. Nikategemea nane zitumie saa mbili na ushee. Zilitumia saa 23.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea mahali. Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Programu inasogeza wakati kwa hatua za sekunde 45, na siku tatu ni hatua 5,760. Katika kila hatua, upepo ulio ukingoni mwa kipande changu lazima umfikie jirani yangu kabla hajaendelea, na wa kwake unifikie mimi. Wote wanane wanamsubiri mwenye kuchelewa, kila hatua, mara 5,760. Mashine zangu zilikuwa zinatumia muda mwingi kusubiriana kuliko kukokotoa. Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta, alilionya jambo linalokaribiana na hili mwaka 1967: kama sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata ukileta mashine elfu hutaipata kasi ya mara kumi. Nilikuwa nimelisoma hilo darasani na kulijibia mtihani vizuri. Kulielewa nililielewa usiku ule, nikitazama taa za switchi zinavyowaka bila kupumzika huku vichakataji vimekaa.

Msimamizi wangu aliponipigia, nilimweleza kwa kirefu kuhusu switchi mpya ninayoihitaji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Hayo majaribio yako 40, la kwanza linahitaji kujua chochote kutoka la pili?" Nikamwambia, "Hapana, Dokta." "Sasa kwa nini unazilazimisha mashine zizungumze?"

Jibu lilikuwepo siku zote. Nilikuwa nakigawa kipande kisichopenda kugawanywa, na kuacha kugawa kilichokwisha kugawanyika chenyewe. Jaribio zima, moja, kwa kompyuta moja. Zisijuane.

Wiki ile nilikwenda Lindi, na nikiwa njiani nikakumbuka habari ya Tendaguru, ambayo kwetu kila mtoto wa shule huisikia. Kuanzia 1909 hadi 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima kile, na msimamizi wa kazi kwa upande wetu alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa hiyo, zaidi ya tani 200, ilifika bandari ya Lindi kichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu, katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye vita vya Maji Maji na njaa yake. Sitaki kuipamba kazi ile. Jasho lilikuwa la wazee wetu na mnyama amesimama Ujerumani, kimo chake kikipita mita 13. Ila namna ilivyogawanywa ilinifundisha kitu. Mfupa mkubwa hugawanywa vipande vinavyobebeka na mtu mmoja. Kila kipande kina alama yake, ili huko mbele kijulikane kimetoka wapi. Mpagazi mmoja akiugua njiani, unachelewa mzigo wake, msafara hausimami.

Nikazisimika kompyuta kwa mpango huo. Programu ya kugawa kazi ni HTCondor, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison miaka ya 1980 kwa wazo ambalo kwetu lina maana sana: kompyuta nyingi za ofisini na madarasani hulala saa nyingi, basi zipewe kazi zikilala, na mwenyewe akigusa kibodi kazi impishe. Wanafunzi wangu walikuwa wanaandika barua zao na kufanya mazoezi yao mchana bila kujua kwamba usiku mashine ile ile ilikuwa ikifukuza kimbunga katika Bahari ya Hindi. Wazo hili hili ndilo lililowafanya watu duniani wakopeshe kompyuta zao za nyumbani kwa Folding@home, mradi wa kuigiza protini za mwili, na mwezi Machi 2020, wakati wa korona, kwa pamoja zikavuka hesabu bilioni moja mara bilioni moja kwa sekunde. Wengi wao walikuwa na kompyuta za kawaida tu.

Ndipo ikaja Pasaka ile.

Nilipotulia nilirudi kwa mlinzi nikamwomba anionyeshe daftari lote. Alikuwa akiandika hata umeme wa kukonyeza, ule wa kukatika na kurudi papo hapo, kwa sababu taa za geti hazijiwashi zenyewe na yeye ndiye wa kuzifuata. Nilipiga picha kurasa za Januari hadi Machi, nikaingiza kila tukio kwenye kompyuta. Kwa wastani tulikuwa tunakaa saa 11 kati ya kukatika kumoja na kwingine. Nimesoma makala nyingi za watu wenye mashine zenye vichakataji maelfu, na namba wanayoihangaikia kuliko zote ni hiyo: muda wa wastani kabla kitu hakijaharibika. Yangu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa kunyooka, na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anakusanya data.

Kuna kanuni ya mtaalamu wa kompyuta John Young ya mwaka 1974 inayosema ukae muda gani kati ya akiba na akiba. Ukiandika mara kwa mara unapoteza muda kuandika. Ukikawia unapoteza kazi umeme ukikatika. Chukua muda wa kuandika akiba moja, zidisha kwa muda wa wastani wa kukaa bila kuharibika, zidisha kwa mbili, tafuta kipeuo cha pili. Kuandika faili kwenye diski zangu kulichukua sekunde 40. Saa 11 ni sekunde 39,600. Mara mbili ya zao lake ni 3,168,000, na kipeuo chake cha pili ni karibu sekunde 1,780. Dakika 30. Mashine zangu huigiza saa nne za hali ya hewa katika saa moja ya ukutani, kwa hiyo dakika 30 za ukutani ni dakika 120 za kuigiza. Nikafuta 7200, nikaandika 120.

Matatizo hayakuisha, ila yalibadilika sura. Kompyuta namba 6 kila umeme ukirudi iliamka ikiamini ni Januari 2010. Betri ya saa yake, ile ya mviringo kama sarafu, ilikuwa imekufa. Programu yangu ya kukusanya matokeo huchukua mafaili mapya na kuyaacha ya zamani, kwa hiyo kazi yote ya namba 6 ilionekana ya zamani ikaachwa, na sikujua kwa siku tisa. Betri nilinunua kwa fundi saa karibu na soko, akaniuzia na kunionyesha namna ya kuitoa bila kuvunja kishikio. Lakini fundisho lake ni kubwa kuliko bei yake. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport aliandika mwaka 1978 kwamba kwenye kompyuta zilizotawanyika usitegemee saa zao kujua kipi kimetangulia, hesabu matukio. Tangu hapo mafaili yangu yana namba za mfuatano, na tarehe siiamini tena.

Lililonikosesha usingizi zaidi ni lingine. Jaribio lile lile, lenye mwanzo ule ule, lilipofanywa na kompyuta mbili za aina tofauti, baada ya siku tatu vimbunga havikuwa mahali pamoja. Nilitafuta kosa wiki nzima. Dokta alinieleza habari ya mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz, ambaye mwaka 1961 alirudia hesabu yake ya hali ya hewa akiingiza 0.506 badala ya 0.506127, na baada ya muda hewa ya pili haikufanana kabisa na ya kwanza. Kichakataji kimoja kinakadiria tarakimu ya mwisho tofauti kidogo na kingine, na hewa huikuza tofauti hiyo. Lenyewe si kosa. Kosa lingekuwa kutoandika jaribio lipi limefanywa na mashine ipi, maana ningechanganya tofauti ya mashine na tofauti ya mwanzo niliyoikusudia. Sikuwa nimeandika. Majaribio 17 niliyatupa nikaanza upya, na mkono ulikuwa mzito kufuta.

Mwanzoni mwa Mei, nikiwa na majaribio ya kutosha kuanza kuandika tasnifu, Mamlaka ikatangaza Kimbunga Hidaya. Safari hii mikoa iliyotajwa ilikuwa ya kwetu: Lindi, Mtwara, Pwani, Dar es Salaam na visiwani. Nilimpigia bibi akaniambia ameshaweka maji na viberiti. Ijumaa jioni nilikwenda maabara nikazizima kompyuta zote kwa mkono wangu, moja moja, nikachomoa nyaya ukutani. Tarehe 4 Mei Hidaya alitua Mafia. Upande wa Kilwa mvua ikabomoa barabara eneo la Somanga, na njia ya pwani ya kutoka kusini kwenda Dar ikakatika. Bibi alikuwa salama.

Jumatatu nilichomeka nyaya. Nikawasha ya kwanza, nikaingia kwenye orodha ya kazi, nikaona: inaendelea kutoka saa ya 38 ya hali ya hewa inayoigizwa, kati ya 72. Ya pili: saa ya 52. Ya tatu: saa ya 14. Nilipita zote 14 na hakuna iliyoanza sifuri. Nikaenda kumwambia mlinzi kabla ya kumwambia Dokta.

Wiki iliyofuata, Jumapili tarehe 12, nyaya za chini ya bahari zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Nilikuwa na gigabaiti 600 za kupeleka Dar. Barabara ilikuwa imeshapitika, kwa hiyo nilifunga diski ndani ya kitenge, nikaiweka kwenye boksi, nikamkabidhi konda wa basi la alfajiri. Jioni ilikuwa mikononi mwa Dokta. Nilipiga hesabu: gigabaiti 600 kwa saa 12 ni megabiti 111 kwa sekunde, mwendo ambao intaneti ya chuoni kwetu haijawahi kunipa hata siku njema. Tangu hapo diski zangu kubwa husafiri kwa basi, kebo ziwe nzima au la.

Kuhusu Kenneth, njia zote 40 nimezichora kwenye karatasi moja, zinafunguka kama njiti za ufagio wa chelewa. Nyingi zinaishia Msumbiji. Chache zinavuka Ruvuma. Uzito wa hizo chache ni suala la tasnifu na wakaguzi wake, na sitalitangaza kabla yao. Ninachoweza kusema ni kwamba sijasikia tena neno "bure" kuhusu tahadhari ile bila kuifungua karatasi hiyo na kuionyesha.

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja, mhitimu wetu, anayeanza uzamili. Anataka kuigiza mvua za msimu wa mikorosho kutoa maua, akitumia kompyuta zile zile. Aliomba nimpe faili langu la maelekezo. Nilimpa, lakini kabla hajalitumia nikampeleka getini. Daftari sasa ni la tatu, na mlinzi ameongeza safu ya mvua na upepo, kwa hiari yake. Kijana alimwamkia, akaomba ruhusa, akakaa kwenye benchi akanakili miezi mitatu ya karibuni kwa mkono, mzee akimsomea. Umeme umekuwa na nafuu: wastani ni saa 21. Akakokotoa palepale kwenye simu, akanitazama.

"Dakika 41, mwalimu."

Mara nne ni 164. Tukaandika 165, ili igawanyike kwa hatua za sekunde 45.